Jike la Kwanza ni la Shangazi

Shangazi yangu anauza dagaa Lamadi, kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama abiria wanyooshe miguu. Meza yake utaijua kwa kitu kimoja. Katikati ya mafungu ya dagaa na furu wa kukausha pana sanduku la kioo lenye maji, na ndani yake wanaogelea furu wazima. Wateja huwa wanashangaa: huku unauza waliokufa, hapa katikati unafuga ndugu zao. Shangazi huwajibu, "Hao wengine sikuwahi kufahamiana nao."

Sanduku lile nililitengeneza mimi. Nafanya kazi Bariadi, kwenye duka la vioo na madirisha ya alumini, na vipande vinavyobaki baada ya kukata tajiri wangu huniachia nichezee. Nilivigandisha kwa silikoni, nikavikausha, nikampelekea shangazi kama zawadi ya sikukuu, nikidhani ataweka maua ya plastiki. Yeye akaweka samaki.

Aliwachota kwa ndoo kwenye dimbwi la mafunjo nyuma ya soko, wakati wa mvua, dume na jike wake. Ni furu wa aina ile ndogo, ndugu wa mbali wa sato, ambao hata wakizeeka hawazidi urefu wa kidole. Wavuvi hawawahesabu kuwa samaki. Lakini ukiwaweka kwenye kioo halafu jua la asubuhi likawapiga, utakaa hapo mpaka chai ipoe. Dume alikuwa na midomo ya bluu, kama mtoto aliyenyonya kalamu ya wino, na pezi lake la chini, lile la kuelekea mkiani, lilikuwa na ncha nyekundu kama ukucha uliopakwa rangi. Jike alikuwa rangi ya majani makavu tu, hana urembo wowote. Ila jike ndiye aliyemteka shangazi.

Maana jike wa furu hawa hulea mdomoni. Akitaga, anayachukua mayai yake yote kinywani, halafu hali chochote siku kadhaa, taya limevimba kama mtu mwenye jino bovu. Watoto wakitoka wanaelea mbele ya uso wake kama moshi mwembamba. Lori likipita na meza ikitikisika, wote wanakimbilia mdomoni kwa mama, anafunga, anatulia, hatari ikipita anawatema tena.

Shangazi hakujaliwa mtoto. Kwetu jambo hilo halizungumzwi sana, ila kila mtu analijua. Mara ya kwanza kuona wale watoto wakirudi mdomoni, aliacha kuuza. Mteja alimsemesha mara tatu. Baadaye akanipigia simu Bariadi, anaongea kwa sauti ya chini kama yuko kanisani, akiniita mama kwa Kisukuma kama wakubwa wanavyowaita mabinti: "Mayu, anawameza halafu hawafi."

Basi furaha hiyo haikukaa sana. Siku moja abiria wa basi, kwa huruma zake, aliona samaki wana njaa akawatupia nusu andazi. Shangazi alikuwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi maji yamekuwa meupe kama uji, na jike, ambaye alikuwa na watoto mdomoni, alikuwa amewatema wote na yeye yuko juu juu, ubavu umelala. Akafa. Dume akapona, maana dume wa aina hii hata tope analipumua.

Siku hiyo hiyo mimi na tajiri wangu tulikuwa Lamadi kupima madirisha ya nyumba moja ya wageni. Nilipopita kumsalimia shangazi nikamkuta amechuchumaa, kikombe mkononi, anateka watoto mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo ya mafuta ya alizeti aliyokuwa ameiosha vizuri. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya haraka, kwa sababu dume, akishafiwa, hana habari kwamba hawa ni wanawe. Anawaona ni chakula.

"Nakupa uwafuge," akaniambia bila kuinua uso. "Na desturi unaijua."

Naijua. Katika ukoo wetu mtu mwenye ng'ombe wengi humpa ndugu ng'ombe jike amtunzie. Maziwa anakunywa anayetunza, samadi anatia shambani kwake. Lakini mtamba wa kwanza akikua anarudi kwa aliyetoa, na hapo ndipo wewe unaanza kuhesabu wa kwako. Baba yangu zizi lake la Nkoma lilianza hivyo, na la baba yake hivyo hivyo. Sikujua kama desturi inafika mpaka kwa samaki, lakini shangazi alisema kwa uso wa mtu anayegawa ng'ombe.

"Jike la kwanza ni langu," akasema. "Huyu bwana umri unakwenda. Sitaki afe mjane, na mimi nataka kuona tena."

Hakusema anataka kuona nini. Nilijua.

"Lakini senge," nikamwambia, maana kwetu shangazi ni senge, "hawa ni kama mbegu za nyanya. Nitajuaje jike ni yupi?"

"Watakua. Jike si anajulikana."

Nilirudi Bariadi nimekumbatia ndoo. Tajiri wangu alikuwa anaendesha pikapu, na kila tukipita kwenye tuta alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni. Ni mzee wa Kiislamu, babu yake alitoka Kondoa akafungua duka hapa, na Kisukuma chake ni kizito kuliko changu. "Nimekwenda Lamadi kutafuta kazi ya madirisha," akasema, "narudi na wali wa kuogelea."

Alinipa kona ya duka, nyuma ya vioo vya kuoneshea. Nikatengeneza tangi kubwa kidogo, nikaweka mchanga nilioosha mpaka mikono ikachubuka, na vigae vya chungu wajifiche. Niliwapa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye matairi ya jirani, na dagaa niliyemtwanga mpaka akawa unga wa kuvuta puani. Wengine walikufa wakiwa wadogo, kama inavyotokea. Waliosimama walikuwa sita.

Mimi ni mtu wa kuota mchana, sikatai. Nilimaliza kidato cha nne na cheti changu hakina alama ya kumwonyesha mgeni, lakini kichwani nina miji mizima. Nikiwaangalia wale sita, nilikuwa naona kila hoteli ya Bariadi ina tangi langu mapokezi. Naona mkulima aliyeuza pamba yake vizuri anamnunulia mkewe furu wenye midomo ya bluu badala ya saa ya ukutani. Naona kibao mlangoni: samaki wa mapambo. Tajiri akinikuta nimesimama na kikata kioo mkononi, naangalia maji, husema, "Binti, rudi duniani, dirisha la mchungaji linakungoja."

Shangazi alikuwa anapiga simu kila baada ya siku chache. Alikuwa hasemi hujambo. Alikuwa anasema, "Jike langu hajambo?"

"Hajambo, senge."

"Yupi?"

Hapo ndipo nilipokuwa nakohoa.

Kwa sababu walikuwa sawa. Nilikuwa nasogeza pua kwenye kioo mpaka kinapata ukungu, na wote walikuwa rangi moja, ile ya vumbi la kiangazi. Nilinunua bando nikaangalia video za watu wa mbali, wanaongea lugha sizijui, lakini kidole ni lugha ya wote: wanaonyesha pezi, wanaonyesha mdomo, wanaonyesha pezi tena. Nikaelewa kwamba nisubiri ile ncha nyekundu. Na kweli, mvua zilipokatika, aliyekuwa mkubwa kuliko wote akaanza kuwa na doa pezini. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Kesho yake lilikuwa jekundu wazi na midomo imeingia bluu, na tangu siku hiyo akawa mbabe. Alikuwa anawakimbiza wenzake kona hadi kona, kigae kizuri chake, chakula cha kwanza chake.

Mimi nikafurahi. Dume amejitokeza, mmoja, na watano waliobaki hawana rangi. Kwa hiyo wote watano ni majike. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na niliipiga nikicheka peke yangu.

Baba alifika mjini wiki hiyo, ametoka kuuza pamba, nyuzi zake bado zimenasa kwenye nywele. Aliniletea michembe, viazi vitamu vya kukausha, kwenye mfuko wa sukari.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola."

Baba yangu watu wanamwita mpaka minada ya Mwanhuzi awachagulie mitamba. Anamwangalia ng'ombe akiwa bado ndama, anakwambia huyu atakuwa na maziwa, huyu atakusumbua, na inakuwa. Sasa kama kuna mtu wa kumchagulia dada yake jike, ni nani mwingine? Nilimgeuzia ndoo akakaa mbele ya tangi, mikono juu ya fimbo. Macho yake yakawafuata mmoja mmoja. Tajiri akaacha kukata kioo, akaja kusimama nyuma yetu.

"Huyo anayefukuza wenzake mtoe kwenye hesabu," baba akasema hatimaye.

"Huyo ni dume, baba. Ana nyekundu."

"Nimesema mtoe. Niangalizie yule pale."

"Yupi?"

"Aliyetulia pembeni. Anakula wenzake wakishaondoka. Tumbo limekaa vizuri, mgongo umenyooka, shingo nyembamba."

"Samaki hana shingo, baba."

"Mzee mwenzangu," tajiri akadakia, "kwato umeziona?"

Baba hakucheka. Akiwa anachagua jike hachekeshwi. "Dume hata akiwa mdogo ana kiburi," akasema. "Utamwona. Huyu hana kiburi hata cha kuazima. Mpelekee shangazi yako, mwambie nimemchagua mimi."

Nilimpeleka. Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi, mbele ya dagaa, na wanawake wa meza za jirani walikuwa wameshaambiwa. Nilipofungua kifuniko cha ndoo mmoja akapiga kigelegele, mwingine akauliza bibi harusi ametokea ukoo gani, shangazi akajibu, "Wa kwetu. Amechaguliwa na kaka yangu." Tukamwingiza. Dume mzee alikuja taratibu, akatanua mapezi yote, akasimama kando yake akitetemeka. Tukasema anacheza. Nikarudi Bariadi na basi la jioni, nina furaha ya mtu aliyerudisha mtamba mnono.

Asubuhi simu ikaita kabla sijanawa uso.

"Anampiga," shangazi akasema.

"Nani?"

"Bwana harusi. Mapezi ya mwenzake yamechanika yote. Nimemtoa nimemweka kwenye beseni."

Nikamwambia labda hawajazoeana, amwache beseni apone, amfunike na chekeche. Nilikuwa naongea kama daktari wa samaki. Siku zikapita, mapezi yakaanza kuota. Halafu simu nyingine ikaja, na safari hii nilisikia kwanza kicheko.

"Mayu, njoo umwone bibi harusi wako. Amepaka bluu mdomoni."

Sikuelewa.

"Na kucha nyekundu ameweka. Ni dume, mwanangu. Ni dume kuliko yule wa kwanza."

Akacheka mpaka pumzi ikamwishia. Halafu akanyamaza, nikawa nasikia malori tu. "Haya basi," akasema. "Pengine haikupangwa."

Aliisema kwa upole. Ningependa angenigombeza. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukata, kwa sababu nilijua lile neno halikuwa la samaki peke yake. Ni neno ambalo amelisema miaka mingi, mbele ya watu wengi, akiwa anatabasamu hivyo hivyo.

Nikampigia baba. "Baba, yule jike ni dume."

"Alikuwa ametulia," akasema.

"Alikuwa anaogopa, baba."

"Ng'ombe hawezi kumficha mtu hivyo." Akavuta pumzi. "Macho yangu ni ya ng'ombe, mayu. Mwambie dada yangu hivyo."

Lakini neno langu mwenyewe, lile la kuogopa, lilibaki linanizunguka. Nikaenda kukaa mbele ya tangi. Mbabe alikuwa anazunguka kama mgambo sokoni, na wale wanne waliobaki wamejibanza, wamekunja mapezi, rangi yao ya vumbi. Nikawaza: yule mwenzao alipokuwa hapa alikuwa vumbi hivi hivi. Alipokaa peke yake kwenye beseni, hakuna wa kumfukuza, ndipo rangi ikatoka. Kumbe haikuwa imechelewa, alikuwa ameifunga. Dume mdogo akiishi na mbabe anavaa nguo ya jike ili asipigwe.

Mimi mwenyewe darasani nilikaa dawati la nyuma miaka yote, na wakasema huyu mtoto ni mzito. Hakuna aliyewahi kunikalisha peke yangu aone. Kwa hiyo nilimwelewa yule samaki vizuri, na sikumwonea hasira hata kidogo.

Nilijua la kufanya. Nilitengeneza visanduku vidogo vinne kwa vipande vilivyobaki, nikavipanga dirishani, na kati ya kimoja na kingine nikaweka kipande cha boksi ili mtu asimwone mwenzake. Kila mmoja chumba chake, kigae chake, chakula chake.

"Sasa umefungua nyumba ya wageni," tajiri akasema.

"Nasubiri wajiseme wenyewe, mzee."

Yeye ndiye aliyekuwa anafungua duka mapema, akitoka kuswali. Nikifika namkuta ameinama dirishani na miwani yake ya kusomea. Asubuhi moja akanipokea mlangoni: "Wa kwanza amekiri." Nikaenda mbio. Ncha ya pezi ilikuwa nyekundu kama pilipili. Siku kadhaa baadaye: "Na huyu wa mwisho kule naye amekiri, tena bila hata kuulizwa." Tulicheka, lakini mimi nilianza kuhesabu waliobaki. Wa tatu alitupa moyo sana, alikaa na vumbi lake mpaka nikaanza kumwita jike kimoyomoyo. Halafu akaota bluu mdomoni kama wenzake.

Akabaki mmoja.

Alikuwa mdogo kuliko wote, mapezi yake mafupi ya mviringo, hana doa. Kila siku nilimgeuzia jua na kila siku sikuona kitu. Hilo lilinipa tumaini na hofu kwa pamoja, maana hata wa tatu alikuwa hivyo. Na huko Lamadi mambo yalikuwa yanapoa. Shangazi alinisimulia kwamba dume wake hali vizuri, midomo imefifia, anashinda nyuma ya jiwe.

"Nafikiri nimrudishe dimbwini," akasema. "Akafie kwao."

"Dimbwi si limekauka, senge?"

"Limekauka. Najua."

Nilimwomba anisubiri kidogo tu. Akasema haya, na ile haya yake ilikuwa nyepesi kama ya mtu anayemkubalia mtoto.

Wazo la kioo cha kujitazamia lilitoka kwa tajiri. Sisi tunauza na hivyo, vya saluni na vya kabati. Alichukua kipande cha ukubwa wa kiganja, akakisogeza ubavuni mwa kisanduku cha dume wa kwanza. Yule samaki akajiona, akatanua kila pezi alilopewa na Mungu, akakigonga kioo kwa mdomo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nusura aruke nje. Tajiri akafika kwa yule mdogo, akaweka kioo, na sisi wawili tukainama.

Alikuja mpaka karibu. Akajiangalia kwa jicho moja, akageuka akajiangalia kwa la pili. Halafu akaenda zake kutafuta dagaa mchangani.

"Nimeuza vioo umri wangu wote," tajiri akasema taratibu, "huyu ndiye mwanamke wa kwanza kunipita hivyo."

"Unaamini ni jike, mzee?"

"Mimi namwamini Mungu. Huyu mpe nafasi." Akaingia ndani, akakata kioo kimoja kilichosawazishwa kingo vizuri, kipimo cha sanduku la Lamadi, pamoja na fremu ya alumini yenye wavu. "Hiki cha kati, uwatenganishe waonane kwanza. Na hiki cha juu ni cha kuzuia maandazi." Nilipouliza atanikata kiasi gani kwenye mshahara, akajifanya hasikii.

Safari hii hapakuwa na kitenge cha harusi. Shangazi alikuwa na khanga yake ya kazi, na wanawake wa jirani hakuwaambia neno. Tulisimamisha kioo katikati ya sanduku, dume huku, mgeni kule. Kwa siku mbili nilikaa naye, nikimsaidia kuanika dagaa na kufukuza kunguru, na kila tukipata nafasi tunainama. Siku ya kwanza dume hakutoka nyuma ya jiwe. Siku ya pili akatoka. Alikuwa anasogea kwenye kioo akitetemeka mwili mzima, anarudi, halafu akaanza kuchimba mchanga kwa mdomo, anabeba anatema, anabeba anatema, mpaka pakawa na shimo la mviringo kama sahani. Midomo yake ilirudi bluu. Na mgeni wetu hakukimbia. Alikuwa anabaki pale pale kwenye kioo, tumbo limejaa, anaangalia kazi ya mwenzake kama mtu anayekagua nyumba.

"Nitoe?" nikamwuliza shangazi.

Alijifuta mikono kwenye khanga, mara mbili. "Toa."

Nikainua kioo. Shangazi hakuangalia. Alijigeuza akawa anapima dagaa za mteja, akampimia na kuzidisha, na mteja hakusema kitu. Mimi niliangalia. Walizunguka, mmoja kichwa kwenye mkia wa mwingine, polepole, juu ya lile shimo. Hakuna pezi lililochanika.

Asubuhi tulipofika sokoni mgeni alikuwa kona, peke yake, ametulia. Shangazi alichukua unga wa dagaa akauachia juu ya maji. Dume akaja akala. Yule wa kona alitazama tu, chembe ikampita puani, hakufungua mdomo. Chini ya taya lake palikuwa pamevimba.

Shangazi alikaa juu ya gunia. Nilitaka kupiga kelele, akaniwekea kidole. "Usimshtue," akasema. "Ana kitu mdomoni."

Tukakaa hivyo. Basi likasimama, abiria wakashuka, kijana mmoja mwenye andazi akaja kuinamia sanduku. Shangazi aliinuka kama askari. "Baba, kula mwenyewe, huyu hataki." Kijana akaondoka akijiuliza amekosa nini.

Kabla sijapanda gari alinishika mkono, akaniambia kwa namna wazee wanavyosema mbele ya zizi: "Nimepokea. Waliobaki ni wako."

"Waliobaki wote ni madume, senge."

"Basi una zizi la madume. Asante, wabeja sana." Na hapo akacheka, kile kicheko chake chote, na safari hii hakikuisha kwa kunyamaza. Akanipa na yule bibi harusi wa zamani kwenye ndoo, midomo yake ya bluu, nimrudishe nyumbani.

Sasa yuko dirishani kwa tajiri, kwenye sanduku lake mwenyewe. Watu wanaokuja kuagiza vioo vya dirisha wanasimama hapo kwanza, na mwenye hoteli moja ndogo karibu na stendi ameuliza kama tangi kama lile linaweza kukaa mapokezi. Nimemwambia linaweza. Nimemwambia kwa utulivu, halafu nikaenda nyuma ya duka nikaruka ruka. Baba naye alipita, akamwangalia samaki muda mrefu.

"Huyu ndiye niliyemchagua?"

"Ndiye, baba."

"Lakini tumbo lake si zuri?"

"Ni zuri, baba."

Na shangazi alipiga simu. Nilikuwa nimeshika bunduki ya silikoni, dirisha la mchungaji hatimaye linakamilika, nikaibana simu sikioni kwa bega.

"Wametoka," akasema, ile sauti ya kanisani. "Wako mbele ya uso wake. Mayu, ni wengi."

"Wako vipi?"

"Kama moshi." Akasogeza simu kwenye kioo, kana kwamba ningeweza kuwasikia. Nilisikia soko la Lamadi, mtu anauliza bei ya sado ya dagaa, na lori likija kwa kishindo. Meza ikatikisika, hilo nalo nililisikia.

"Wamerudi ndani," shangazi akanong'ona. "Wote. Amefunga mdomo. Ngoja."

Nikangoja. Bando lake lilikuwa linakwenda, silikoni inaanza kukauka kwenye ncha, na tajiri aliniona akaacha kukata kioo ili kusiwe na kelele. Lori likapita, likaenda zake.

"Ngoja," akasema tena. Halafu: "Haya. Wanatoka."